Fedha Imefika, Jina Halijafika

Saa nne asubuhi, dirisha la malipo la hospitali moja mjini Nakuru, Kenya. Fundi wa mashine, mtu wa makamo, amemleta mkewe alazwe. Karani anaingiza nambari ya kitambulisho, anangoja, anaiingiza tena.

"Mzee, umesajiliwa, lakini michango yako haionekani."

"Dada, mimi nakatwa kila mwezi."

Fundi anachomoa hati yake ya mshahara, iliyokunjwa mara nne ndani ya pochi. Makato yapo: mshahara ghafi 31,000, SHIF (mchango wa bima ya afya ya jamii) 852.50. Karani anaitazama kidogo, anamrudishia. Si ukatili. Hati ya mshahara haina kazi dirishani pale; linalosomwa ni lile lililo kwenye kioo cha kompyuta.

Upande wa pili wa mji, kiwandani, mhasibu ana faili safi kabisa. Kila mwezi kalipa kabla ya tarehe 9. Hana deni, hana faini, risiti zote amezibana kwa mpangilio wa miezi.

Sasa nani hapa amevunja sheria?

Swali hili limenikera kwa wiki kadhaa, kwa sababu jibu la haraka ni "hakuna". Hakuna aliyeiba. Fedha ilitoka kiwandani, ikafika SHA, mamlaka inayoendesha bima hiyo, ikapokelewa. Ila iliandikwa kwenye nambari ya kitambulisho ambayo tarakimu zake mbili zimepishana.

Ufunguo uliobadilishwa kimyakimya

Kifo cha NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, na kuzaliwa kwa SHA mahali pake mnakijua, sitakirudia. Nitagusa jambo moja tu, kwa kuwa ndilo lililozaa makosa mengi tunayoyaona leo.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini tarehe 19 Oktoba 2023. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema haikupatana na katiba. Tarehe 20 Septemba Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba SHA ikaanza kazi. Hesabu mwenyewe: siku kumi na moja. Waajiri wengi walikuwa wamekunja mikono wakisema "tungoje mahakama", na hawakuwa wajinga kusema hivyo. Lakini siku ilipofika, walifanya kile kinachoweza kufanyika ndani ya siku kumi na moja. Walifungua karatasi ileile ya Excel, wakafuta neno NHIF, wakaandika SHIF, wakabadilisha kiwango.

Majina na nambari zikabaki kama zilivyokuwa.

Enzi za NHIF, mzigo wa kumtambua mtu ulibebwa na nambari ya uanachama. Safu ya kitambulisho ilikuwepo, ila ikiwa na kosa mtu angeweza kumaliza miaka kumi bila kujua. Sasa kitambulisho ndicho ufunguo. Kosa lililoandikwa na karani aliyestaafu zamani, lililolala humo bila kumsumbua mtu, liliamka Oktoba 2024. Na kwa kuwa kila mtu alitakiwa ajisajili upya, hata aliyekuwa mwanachama wa NHIF tangu ujana, yapo makosa ya pande mbili: ya mwajiri kwenye faili, na ya mfanyakazi ambaye hajajisajili kabisa, au amejisajili yeye akamsahau mke na watoto.

Hesabu ni nyepesi, isipokuwa pale isipokuwa hivyo

Kiwango ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, kisipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hakina kilele. Ghafi, si wa msingi: marupurupu ya nyumba yamo, ya usafiri yamo, malipo ya saa za ziada yamo. Mtu wa 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF, sasa ni 550. Wa 40,000 alikuwa kwenye 1,000, sasa 1,100. Wa 100,000 alitoka 1,700 akaenda 2,750. Yeyote aliye chini ya shilingi 10,909 analipa ile 300.

Tatizo halimo kwenye kuzidisha. Limo kwenye mazoea. NHIF ilikuwa ya madaraja, kwa hiyo mhasibu aliandika 850 mara moja na kuisahau mwaka mzima. SHIF hucheza na mshahara. Shamba la maua kule Naivasha likiongeza saa za kazi kuelekea Valentine, ghafi ya Januari na Februari inapanda na makato lazima yapande nayo. Aliyeandika tarakimu kwa mkono badala ya kuweka fomula atakata pungufu miezi hiyo, kisha apatikane na deni ambalo hawezi tena kumdai mfanyakazi bila ugomvi.

Fomula yenyewe ni fupi: =ROUND(MAX(300, ghafi*0.0275), 2). Ile ROUND, inayokadiria hadi senti, msiidharau. Ukikadiria kila mstari kwanza ndipo ujumlishe, jumla ya faili italingana na jumla ya malipo. Ukijumlisha kwanza, zitapishana kwa senti, na senti hizo zitakupotezea nusu siku ukitafuta kosa lisilokuwepo.

Jambo jingine ambalo huwapumbaza waajiri: kwenye SHIF mwajiri haongezi chake. Kwenye ushuru wa nyumba (makato ya mshahara ya kujenga nyumba za bei nafuu) anaongeza asilimia 1.5 juu ya ile 1.5 ya mfanyakazi, kwenye NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, analipa sawa na mfanyakazi, lakini hapa hatoi hata senti. Kwa hiyo anajiona tarishi tu.

Sawa, ni tarishi. Tarishi naye huulizwa barua imefika kwa nani.

Tarehe 27 Desemba 2024

Hapa ndipo wengi waliteleza bila kusikia mlio wowote. Sheria ya marekebisho ya kodi ilianza kufanya kazi siku hiyo, katikati ya Krismasi na mwaka mpya, wakati wahasibu wako Kakamega na Siaya wakila kuku. Tangu hapo SHIF na ushuru wa nyumba hutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, na zile nafuu za zamani za asilimia 15 kwenye makato hayo zikafutwa. Nafuu ya asilimia 15 kwa bima ya kibinafsi, isiyozidi 5,000 kwa mwezi, ilibaki.

Tuchukue mtu wa 50,000 kwa viwango vya 2025. SHIF 1,375, ushuru wa nyumba 750, NSSF 3,000. Zitoe: kinachobaki cha kutozwa kodi ni 44,875. Shilingi 24,000 za kwanza kwa asilimia 10 ni 2,400. Zinazofuata 8,333 kwa asilimia 25 ni 2,083.25. Zilizobaki 12,542 kwa asilimia 30 ni 3,762.60. Jumla 8,245.85, ondoa nafuu ya mtu binafsi 2,400, PAYE, yaani kodi ya mshahara, ni 5,845.85.

Sasa mhasibu aliyefuta zile nafuu za zamani, kama sheria ilivyosema, lakini akasahau kutoa SHIF na ushuru wa nyumba kwanza, anapata 6,483.35. Tofauti ni 637.50 kwa mwezi, kwa mtu mmoja. KRA, mamlaka ya mapato, haitakuandikia barua kulalamika kwamba umelipa zaidi. Mfanyakazi naye hajui hesabu hii. Kosa linaloumiza upande usio na sauti huwa na maisha marefu.

Ukitaka kujikagua haraka, chukua hati moja ya Novemba 2024 na moja ya Januari 2025 za mtu mmoja ambaye mshahara wake haukubadilika, uzilaze pamoja mezani. Mstari wa mshahara unaotozwa kodi usiposhuka, kuna kosa.

Faili ya tarehe 9

Mchango wa mwezi huu unapaswa ufike kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi ujao. Ukichelewa, faini ni asilimia 2 ya kiasi hicho kwa kila mwezi. PAYE na NSSF nazo ni tarehe 9. Ushuru wa nyumba umeandikwa kuwa siku ya tisa ya kazi, ambayo huja baadaye kidogo, lakini msijidanganye na siku hizo chache. Lipeni zote pamoja.

Kinachopakiwa kwenye mfumo wa waajiri ni orodha: nambari ya mfanyakazi, majina, kitambulisho, PIN ya KRA, simu, kiasi. Humo ndimo uozo hukaa, na aina zake nimeanza kuzitambua kama mkulima anavyotambua wadudu.

Tarakimu zilizopishana ndizo mbaya zaidi, kwa sababu nambari isiyo sahihi mara nyingi ni sahihi ya mtu mwingine. Nambari isiyo ya mtu yeyote angalau inaweza kukataliwa. Iliyo ya mtu mwingine inapokelewa kwa mikono miwili, na huko Bungoma kuna mtu asiyejua kwamba analipiwa na kiwanda cha Nakuru.

Simu nazo: Excel hula sifuri ya mbele. Utaona safu nzima ya nambari zinazoanza na 7. Igeuze safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika chochote, kwa sababu sifuri iliyoliwa hairudi kwa kubadilisha mtindo baadaye. Na simu si pambo. Mgonjwa hutambuliwa kwa alama ya kidole, na pale nambari ya kuthibitisha inapotumika, hutumwa kwenye simu aliyojisajili nayo. Mtu aliyebadilisha laini mwaka jana anaweza kusimama dirishani akingoja ujumbe unaoingia kwenye simu ya mtu mwingine.

Majina ya ndoa ni shida nyingine. Bi. harusi amebadilisha jina ofisini, kitambulisho bado kina jina la baba. Fuata kitambulisho, si kadi ya mwaliko.

Kuna na kile kinachoitwa kunakili mwezi uliopita. Mhasibu huchukua faili ya Julai, akaihifadhi kama Agosti. Aliyeacha kazi Julai anaendelea kulipiwa, aliyeajiriwa tarehe 3 Agosti hayumo. Jumla inaonekana ya kawaida kwa sababu mmoja katoka na mmoja kaingia. Kwa hiyo usitegemee jumla wala idadi ya vichwa. Linganisha majina na yale ya PAYE ya mwezi uleule. Faili mbili zinazotayarishwa kutoka chanzo kimoja hazina sababu ya kutofautiana hata kwa jina moja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakumwona fundi wetu, aliye na daftari, risiti na muhuri.

Kagua kutoka upande wa mgonjwa

Kwa muda mrefu niliamini kwamba risiti ya malipo ndiyo mwisho wa kazi ya mwajiri. Sheria inaweza hata kunikubalia. Kinachonisumbua ni kwamba risiti inathibitisha jumla tu. Haisemi nani.

Kipimo pekee kinachosema nani ni mfanyakazi mwenyewe kuangalia hali yake, kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu. Wiki moja baada ya malipo, chukua dakika kumi za mkutano wa asubuhi, kila mtu ashike simu yake. Asiyejiona aandikwe jina hapohapo. Kwa kampuni ya watu hamsini hili linamalizika kabla chai haijapoa, na linafaa lirudiwe kila robo ya mwaka, na kila mara mfanyakazi mpya anapolipiwa kwa mara ya kwanza.

Ukipata kosa, usilinyamazishe kwa kurekebisha mwezi ujao tu. Miezi ya nyuma itabaki kwa yule mgeni wa Bungoma. Andaa barua ya kampuni inayotaja kila mwezi na kiasi chake, ambatisha orodha iliyopakiwa, risiti ya malipo, na nakala ya kitambulisho pande zote mbili, peleka ofisi ya SHA na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo utakayompa mfanyakazi akiulizwa tena.

Kibarua ana waajiri wangapi?

Hapa sina uhakika wa moyo, na sitajifanya ninao.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtambua kibarua kama mtu anayelipwa mwisho wa siku na ambaye hajaajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mpigo. Kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi mfululizo kwa mwezi au zaidi, hali yake inabadilika, anakuwa na haki za mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Waajiri wengi wa miwa kule Muhoroni na wa mboga huku Bahati wana "vibarua" wa miaka mitatu. Hao si vibarua. Waingizwe kwenye faili kama wengine, na mjadala uishe.

Lakini yule wa kweli? Amelima siku kumi kwa shilingi 500, kapata 5,000. Asilimia 2.75 ni 137.50, kwa hiyo kima cha chini kinamshika na anakatwa 300, yaani asilimia 6 ya alichopata. Mwezi uleule kalima kwa jirani siku sita, na kwa mwingine siku tano. Kila mmoja akimkata 300 kwa nia njema, kalipa 900. Faili za waajiri watatu hazionani. Ninachoshauri, hadi atakayenionyesha njia bora, ni kumuuliza kibarua kabla ya kukata kama mwezi huo ameshalipiwa, kuandika jibu lake, na kumwonyesha jinsi ya kuthibitisha kwenye simu. Mkaguzi anaweza kulikataa jibu hilo. Najua.

Karatasi ambazo bado zinasema NHIF

Fungua barua ya ajira ya mtu yeyote aliyeajiriwa kabla ya 2024. Uwezekano ni mkubwa kwamba imeandikwa "matibabu: NHIF". Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira kinataka mabadiliko ya masharti yazungumzwe na mfanyakazi na kuwekwa kwa maandishi. Ukurasa mmoja unatosha: kiwango, tarehe ya kuanza, sahihi mbili. Hati ya mshahara nayo ionyeshe SHIF kwa jina lake. Nimeona zinazosema "bima" tu, na mfanyakazi hajui ni ipi.

Mwenye bima ya ziada ya kampuni asome mkataba wake neno kwa neno. Mikataba mingi ya kulazwa iliandikwa ikitarajia bima ya taifa ilipe fungu lake kwanza, kisha kampuni ya bima imalizie. Mfanyakazi ambaye michango yake haionekani SHA anaweza kuachiwa fungu hilo alilipe mfukoni, hata kama kadi yake ya bima ya ziada inang'aa. Mwalimu wa shule ya binafsi Kisumu anayejifungua kwa upasuaji, SHA ikiwa na kiwango cha 30,000 kwa upasuaji huo, anaweza kudaiwa hizo 30,000 kwa sababu ya tarakimu mbili kwenye Excel ya shule. Muulize wakala wako swali moja kwa maandishi: michango ya SHA isipoonekana siku ya kulazwa, nani analipa pengo?

Na kwa wale wanaosema "tuna SHA, inatosha": ajali ya kazini ni suala la WIBA, sheria nyingine na bima nyingine. Kidole kikikatwa na mashine, usimtume mtu dirishani na SHA.

Kuhusu anayeacha kazi, neno moja. Mwezi wake wa mwisho wa kulipiwa uandikwe kwenye barua ya kuondoka, pamoja na maelezo kwamba kuanzia hapo atahesabiwa kama asiye na mshahara, afanyiwe tathmini ya uwezo wa kaya na alipe kwa mwaka. Wengi hugundua hili wakiwa wagonjwa.

Faini iliyoandikwa na isiyoandikwa

Mwajiri anayekata asiwasilishe, kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira kinamngoja: faini isiyozidi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote. Anayechelewa ana ile asilimia 2. Fedha isiyofika ina adhabu. Fedha iliyochelewa ina adhabu. Mwajiri aliyelipa kwa wakati, kwa nambari isiyo ya mtu wake, simwoni popote kwenye orodha hiyo, na labda haifai awemo, kwa sababu alikosea tu.

Fundi alilipa amana ya kulazwa kwa fedha za chama. Barua ya marekebisho ilipelekwa wiki hiyohiyo.

Mhasibu aliitisha vitambulisho vya kiwanda kizima, akaviweka kimoja kimoja kando ya kompyuta, akizisoma tarakimu kwa sauti huku msaidizi wake akifuatisha kwa kalamu. Wa mwisho kwenye foleni alikuwa bawabu. Kitambulisho chake kilipotea tangu mwaka jana, anatembea na karatasi ya kungojea kipya, na nambari iliyoandikwa juu yake imefutika pale kwenye mkunjo.